Shahidi Aliyepimwa

Msomaji, ushahidi ni nguzo ya haki, na haki ni nguzo ya amani. Mahali palipokosa ushahidi watu huhukumiana kwa minong'ono, na hukumu ya mnong'ono haina rufani, kwa sababu aliyeitoa hajulikani. Lakini si kila asemaye kuwa ameona huwa ameona kweli. Wako mashahidi waongo, wako mashahidi waliokosea, na wako mashahidi waliosikia tu kwa wengine. Kwa hiyo, kabla ya shahidi kumpima mshtakiwa, yafaa shahidi mwenyewe apimwe.

Nataka kukueleza habari za shahidi mmoja mdogo sana, asiyeonekana kwa macho, asiye na ulimi wala chuki, ambaye wataalamu humtumia kutafuta mambo yaliyofichika ndani ya mwili wa mwanadamu. Shahidi huyo huitwa kingamwili. Nitakueleza pia kwa nini habari zake zinatuhusu sisi wa Kisii na Nyamira.

Nchi yetu ni ya vilima. Imekaa juu, penye mvua nyingi, chai, migomba na mashamba yaliyobanana. Lakini mtu akishuka kuelekea Ziwa Victoria, baada ya saa chache hufika penye joto na mbu wengi. Watu wa juu na watu wa chini wamebadilishana nafaka, vyungu, mifugo na wachumba kwa vizazi vingi. Damu ilipanda na kushuka pamoja nao, na katika damu hiyo mlikuwa na urithi ambao hakuna aliyeuona.

Katika kijiji kimoja cha Nyamira, ambako nilikuwa mwalimu, palikuwa na mume na mke waliozika watoto wawili. Watoto hao walizaliwa wazima, wakanenepa, wakacheka. Walipopata umri wa miezi sita hivi, mikono na miguu yao ikavimba, macho yakageuka manjano, wakawa wanalia usiku kwa maumivu ya mifupa. Wa kwanza hakufika miaka mitatu. Wa pili akamfuata. Kisha akazaliwa wa tatu, msichana, naye akaanza kuvimba vidole kama kaka zake.

Chini ya njia alikaa mjane mmoja mzee, ambaye desturi yake ilikuwa kuwapa ndizi mbivu watoto wote waliopita mlangoni pake. Mtu mmoja akasema alimwona mjane huyo akipita alfajiri karibu na boma la wafiwa. Wa pili akasema naye alisikia hivyo. Wa tatu akasema kuwa jambo linalosemwa na wawili si bure. Neno omorogi, ambalo kwa Kigusii maana yake ni mchawi, likaanza kutajwa kisimani na sokoni. Waswahili husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapo kijijini methali hiyo ilikuwa inakuja, na ilikuwa inakuja na kiberiti mkononi.

Mama wa mtoto hakungoja. Alimbeba binti yake mgongoni akaenda zahanati, nami nikafuatana na baba yake. Tabibu alimchoma mtoto kidole, akachukua tone la damu, akalitia katika kipimo kidogo cha ukanda wa karatasi. Mstari ukatokea. Tabibu hakuridhika na mstari huo peke yake. Alipeleka damu nyingine mjini ipimwe kwa njia ya pili. Majibu yaliporudi, yalikuwa yale yale: selimundu.

"Mzee," tabibu akamwambia baba, "ugonjwa huu haukutoka nje ya boma lako. Wewe na mama mlimrithisha mtoto bila kujua, kama ninyi mlivyorithishwa na wazee wenu bila wao kujua."

"Basi mchawi ni mimi?" baba akauliza, na sauti yake ilitetemeka.

"Katika jambo hili hakuna mchawi, mzee wangu. Kuna urithi tu."

Yule baba alinyamaza njia nzima. Tulipofika kijijini alipita kwanza kwa mjane, akamwamkia kwa heshima mbele ya watu waliokuwapo, akaketi kwake mpaka jua likatua. Kwa kitendo hicho alisema maneno mengi kuliko ambavyo angalisema kwa kinywa.

Sasa, msomaji, tutazame urithi huo ni kitu gani. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Maagizo ya kuitengeneza yameandikwa katika uzi mwembamba wa vinasaba, uitwao DNA, kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa. Katika selimundu, herufi moja ya agizo hilo imebadilika. Kwa kosa la herufi hiyo moja himoglobini hushikamana ikawa kama fimbo, na chembe iliyokuwa duara hupinda ikawa kama mundu. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotokea.

Mtu aliyerithi agizo hilo baya kwa mzazi mmoja tu huwa mzima. Wazazi wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana bahati moja kati ya nne ya kupata ugonjwa wenyewe. Kwa nini urithi huo mbaya haukutoweka? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za makabila mbalimbali ya nchi hii mwaka 1949, akaona kuwa alama ya selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu yake: mtoto aliyerithi agizo hilo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Urithi ule ule uliookoa wengi ndio uliowaangamiza wachache.

Wakumbuka kwamba watoto wale walikuwa wazima hadi miezi sita? Jambo hilo ni ufunguo. Mwaka 1948 daktari mmoja wa New York, Janet Watson, alitambua kuwa watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi ugonjwa. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya namna nyingine, ambayo haina lile kosa la herufi. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima kidogo kidogo na kuwasha ile ya utu uzima. Taa njema huzimwa, na taa mbovu huwashwa. Swali likawa hili: ni nani anayeizima taa njema? Akijulikana na kuzuiwa, mgonjwa angeweza kuishi kwa himoglobini ya utotoni.

Mwaka 2008 watafiti wa Boston, Marekani, miongoni mwao Vijay Sankaran na Stuart Orkin, walimtaja mzimaji huyo. Ni protini iitwayo BCL11A, nayo ni ya ukoo wa protini zenye vidole vya zinki. Jina hilo lisikushangaze. Mwaka 1985 huko Cambridge, Uingereza, Aaron Klug, aliyelelewa Durban katika Afrika Kusini, alikuwa akichunguza pamoja na wenzake protini iliyopatikana katika mayai machanga ya chura wa Kiafrika mwenye kucha. Waliona kuwa protini hiyo imejikunja vifundo vifundo, na kila kifundo kimeshikwa imara na chembe moja ya madini ya zinki, yale yale yanayopakwa juu ya mabati ya nyumba zetu yasipate kutu. Kila kifundo hutokeza kama kidole, na kwa vidole hivyo protini hushika uzi wa DNA na kuutambua, kama kipofu asomavyo maandishi kwa kuyapapasa.

Mwanadamu ana jeni zaidi ya 700 za protini zenye vidole vya namna hiyo. Hebu fikiri jinsi kazi ilivyo ngumu: katika chembe moja ndogo, yenye maelfu ya protini za kila aina, mtafiti anataka kujua kama BCL11A imo au haimo, ni nyingi au chache, na imeshika wapi. Hawezi kuiona kwa jicho, hata kwa hadubini ya kawaida. Hapa ndipo anapohitaji shahidi.

Kingamwili ni askari wa asili. Kila mnyama mwenye damu kama yetu huzitengeneza ili zishike vitu vigeni vilivyoingia mwilini, na kila moja hushika kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli. Watafiti huchukua kipande cha protini wanayoitafuta, wakamdunga nacho sungura au panya. Mwili wa mnyama hukiona kipande hicho kuwa mgeni, nao hutengeneza kingamwili za kukishika. Mwaka 1975, katika maabara ile ile ya Cambridge ambamo Klug alifanya kazi, Georges Köhler na César Milstein walivumbua njia ya kupata kingamwili za aina moja tu, bila kuchanganyika na nyingine, kwa kuunganisha chembe ya panya itengenezayo kingamwili na chembe ya saratani isiyochoka kuzaana. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Ushahidi wenyewe huchukuliwa hivi. Chembe za damu husagwa, na protini zake hupitishwa kwa nguvu za umeme katika utando mzito kama uji ulioganda. Ndogo hukimbia mbele, kubwa hubaki nyuma. Kisha huhamishiwa juu ya karatasi maalumu. Karatasi hiyo mara nyingi huoshwa kwa maziwa ya unga, mfano wa yale tunayotia chai tunapokosa maziwa ya ng'ombe, ili mahali patupu pafunikwe na kingamwili isije ikanata ovyo. Ndipo humwagiwa kingamwili ya sungura, na baada yake kingamwili ya pili, pengine ya mbuzi, inayoishika ile ya sungura na kutoa mwanga. Mahali penye BCL11A hutokea mstari. Kwa njia ya namna hiyo watafiti waliona kuwa BCL11A imejaa katika chembe za watu wazima zinazotengeneza damu, na walipoipunguza, himoglobini ya utotoni iliongezeka.

Mwaka 2018 kingamwili hiyo ilitumika kwa kazi nyingine iliyo nyeti zaidi. Iliachwa iishike BCL11A mahali pale pale ilipokuwa imekaa juu ya uzi wa DNA, kisha ikafungwa kimeng'enya kinachokata uzi. Kipande kilichokatwa kikasomwa herufi zake. Ikajulikana kuwa mzimaji huweka vidole vyake vya mwisho juu ya herufi sita, TGACCA, mlangoni pa jeni ya himoglobini ya utotoni. Wako watu wachache waliozaliwa na herufi iliyobadilika mahali hapo hapo. Kidole hakipati pa kushika, taa njema haizimwi maisha yao yote, wala hawapati dhara kubwa. Maumbile yenyewe yalikuwa yameisha kufanya jaribio hilo zamani.

Lakini sasa tumefika penye kiini cha maneno yangu. Shahidi huyu anaweza kudanganya. Hana nia mbaya, ila hushika kile kinachofanana na umbo analolijua. BCL11A ana ndugu aitwaye BCL11B, anayefanana naye sana. Kingamwili isiyochaguliwa vyema yaweza kumshika ndugu badala ya mwenyewe, na mstari ukatokea mzuri, na mtafiti akashangilia jambo ambalo halipo. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi lilitangaza matokeo ya kupima kingamwili 614 zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya protini 65. Zaidi ya nusu zilishindwa katika jaribio moja au zaidi, na kwa kila protini, kwa wastani, makala 12 hivi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa kwa kutegemea kingamwili isiyoijua protini iliyodaiwa kuijua.

Je, shahidi wa namna hii hupimwaje? Hupimwa kwa njia iliyo rahisi kuisema na ngumu kuitii. Watafiti huchukua chembe ambazo jeni ya protini hiyo imefutwa kabisa, hata protini yenyewe haiwezi kuwamo. Huiweka kingamwili mbele ya chembe hizo, wakangoja. Ikinyamaza, ni shahidi mwaminifu. Ikisema "nimemwona" mahali ambapo mshtakiwa hayumo wala hawezi kuwamo, basi ushahidi wake wote hutupwa, hata kama ulipendeza namna gani.

Lishike neno hilo, msomaji. Shahidi hajulikani ubora wake kwa kusema ndiyo. Hujulikana kwa uwezo wake wa kusema hapana. Anayesema ndiyo daima hana alichokuambia.

Sasa turudi kwenye vilima vyetu tukaupime mnong'ono kwa kipimo hicho hicho. Mtoto akifa, mnong'ono husema ni mchawi. Ng'ombe akifa, ni mchawi. Mvua ya mawe ikivunja chai, ni mchawi. Jirani akifanikiwa, ni mchawi pia. Ni lini mnong'ono uliwahi kusema, "Hapa mchawi hakuwapo"? Hauwahi. Ni shahidi anayesema ndiyo hata mbele ya chembe tupu. Katika maabara angalitupwa siku ya kwanza; miongoni mwetu amepewa mamlaka ya kuua. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai hayo hayo. Wengi wao walikuwa mama na nyanya za watu. Hakuna shahidi hata mmoja kati ya waliowashtaki aliyepimwa kwanza.

Sisemi kwamba kila ugonjwa uliosingiziwa uchawi ulikuwa selimundu. Nasema kwamba njia ya kutafuta kweli ni moja, katika maabara na katika baraza la wazee. Baraza letu la zamani, lililoketi chini ya mti, lilijua jambo hili lilipokuwa na busara: lilimwuliza shahidi alisimama wapi, palikuwa na mwanga gani, na ana ugomvi gani na mshtakiwa. Anayepima kingamwili hafanyi jambo geni kwa wazee wetu; hufanya kazi yao kwa vyombo vidogo.

Na tunda la uangalifu huo limeanza kuonekana. Mwaka 2011 watafiti waliizuia BCL11A katika panya wenye selimundu, na panya wakapata nafuu. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya wanadamu iliyojengwa juu ya maarifa hayo, na Marekani ikafuata mwezi wa Desemba. Mgonjwa hutolewa chembe zake mwenyewe zinazozaa damu, swichi inayoiwasha BCL11A ndani ya chembe hizo hukatwa, kisha hurudishiwa. Kingamwili ya utafiti siyo dawa hiyo, wala haidungwi mgonjwa, wala haitumiki kumpima hospitalini. Juu ya kichupa chake huandikwa kuwa ni kwa utafiti tu. Ilikuwa taa ya waliotafuta njia.

Bei ya tiba hiyo ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mkulima wa chai wa Nyansiongo hawezi kuifikia, hata akichuma majani maisha yake yote na ya wajukuu wake. Huu ni uchungu ambao sitaki kuupaka asali: watu wengi wenye ugonjwa huu wako Afrika, na tiba mpya imekaa mbali nao. Lakini kukata tamaa pia ni ushahidi usiopimwa. Iko dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea, ya bei nafuu sana kuliko hiyo, ambayo huongeza himoglobini ya utotoni kwa njia yake. Uchunguzi uliofanyika Kilifi hapa Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, ambao matokeo yake yalitangazwa mwezi wa Desemba mwaka 2018, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Binti wa wale jirani zangu huimeza kila siku chini ya uangalizi wa tabibu, naye huenda shule.

Kwa hiyo, kijana usomaye maneno haya, nakuachia wosia mdogo. Ukiwa mtafiti siku moja, usimwamini shahidi wako kwa sababu amekupa jibu ulilolitaka. Mpeleke kwanza mahali pasipo na kitu, uone kama atanyamaza. Ukiwa mzazi, jua damu yako kabla ya ndoa, maana kujua si aibu. Na ukiwa jirani tu, kama sisi sote tulivyo, ukisikia mnong'ono juu ya mtu asiye na wa kumtetea, simama uulize kwa sauti: ni nani aliyeona, aliona nini, na je, amewahi kusema hapana? Swali hilo halihitaji maabara wala fedha. Linahitaji moyo tu, na kwa swali kama hilo roho ya mtu huweza kuokoka.